Neno «mine»: machimbo, bomu, ao «yangu»?

Juzi kijana mumoja wa familia yetu, mwenye anachimba coltan upande wa Kisengo, katika territoire ya Nyunzu, alifika kwangu hapa Kalemie akiwa na furaha mingi. Hata chai hakungojea. Alitosha karatasi moja mu mufuko, akaiweka juu ya meza.

— Papa mudogo, soma hii. Shida yangu imeisha.

Karatasi hiyo ilitoka kwa munegosia mwenye alimukopesha feza ya pompe, ya bêche mbili na ya posho ya mwezi. Iliandikwa kwa Kingereza, ukurasa mumoja tu. Kijana hajui Kingereza. Aliipiga picha na telefone, na telefone ikamutafsiria. Sentensi moja njo ilimufurahisha: «Kila kitu kinachotoka kwenye mgodi ni changu mpaka deni liishe.»

— Unaona? Ameandika yeye mwenyewe: ni changu! Amekubali mali iko yangu, deni nitalipa polepole.

Kisha akanionyesha sentensi ingine, chini kabisa, yenye ilikuwa inamusumbua. Telefone ilikuwa imeandika: «Hakuna watoto ndani ya yangu.»

— Hapa njo sielewe. Yangu ya nini?

Nilichukua karatasi yenyewe ya Kingereza. Sentensi ya kwanza ilisema: «Everything that comes out of the mine is mine until the debt is finished.» Ya pili: «No children in mine.» Neno «mine» lilikuwa pale mara tatu. Mara mbili lilikuwa na maana ya shimo, mara moja lilikuwa na maana ya «yangu». Telefone ilishika vizuri sentensi ya kwanza, ikaanguka mu ya pili. Lakini kijana wetu alianguka mu sentensi ya kwanza, yenye telefone ilitafsiri vizuri. Na kuanguka kule kulikuwa kunaweza kumukulia mwezi mubaya.

Tutarudia ile karatasi. Kwanza tuangalie hili neno, kwa sababu mu jimbo letu la Tanganyika, mutu mwenye anaishi na kuchimba anakutana nalo kila siku, hata kama hajui Kingereza.

Maana ya kwanza: shimo

Maana yenye sisi wote tunajua ni machimbo, fasi kwenye watu wanatosha madini mu udongo. Hapa Waingereza hawakuvumbua kintu: walichukua neno la Wafaransa, «mine», wakaliandika vilevile. Sauti tu ndiyo ilibadilika. Mufaransa anasema «min», Mwingereza anasema «main».

Kutoka hapo kulizaliwa familia nzima ya maneno. «Mining» ni kazi ya kuchimba. «Miner» ni muchimbaji. «Mineral» ni madini. Wakiandika «coal mine» wanataka kusema machimbo ya makaa ya mawe, kama yale ya Lukuga, karibu na muji wetu, yenye Wabelgiji walichimbisha na yenye yaliachia fasi ile jina la Makala. «Tin mine» ni machimbo ya kasiterite, kama Manono. «Gold mine» ni machimbo ya zahabu, lakini angalisho: mutu anaweza kusema «gold mine» juu ya boutique, juu ya shamba, hata juu ya mutu. Hapo anataka kusema kintu yenye inaleta feza bila kuisha. Wafaransa pia wanasema vilevile, «mine d'or».

Kuko mutego mudogo hapa kwa sisi wenye tunasoma Kifaransa. Sisi tunasema «carrière» kwa fasi yoyote yenye watu wanachimba, hata ya coltan, hata ya zahabu. Kwa Mwingereza, carrière ya mawe ao ya muchanga inaitwa «quarry», na fasi ya madini ya bei inaitwa «mine». Kwa hiyo kama karatasi ya Kingereza inasema «quarry», inaongea juu ya moellons na gravier, haiongee juu ya coltan yako. Na neno lao «career», lenye linafanana na carrière yetu, halina shimo hata kidogo: maana yake ni njia ya kazi ya mutu mu maisha yake yote.

Tena, Kingereza hakitofautishe sana kama sisi. Sisi tunajua puits, tunajua galerie, tunajua shimo ya PDG fulani, tunajua carrière nzima yenye mashimo mia. Mwingereza anaweza kuita yote «mine»: shimo moja ya watu sita, na kampuni kubwa yenye magari na barabara zake. Kama umeandikiwa «the mine», uliza mara moja: ni shimo yangu tu, ao ni site nzima?

Neno hilo linafanya pia kazi ya tendo. «To mine» ni kuchimba. Na sasa hata mashine zinachimba bila udongo. Tangu mwaka wa 2020, mu parc ya Virunga, kule Kivu ya Kaskazini, umeme wa centrale ndogo ya maji ya Luviro unaendesha mashine za ordinatere zenye «zinachimba» bitcoin, ile feza ya intaneti. Hakuna bêche, hakuna pompe. Mashine zinapiga hesabu mchana na usiku, na ile yenye inapata jibu inalipwa. Waingereza wanaita kazi hiyo «mining», kwa sababu mutu anatoka jasho ya umeme mingi ili apate kintu kidogo chenye bei. Muchimbaji wa Kisengo anaweza kuelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Maana ya pili: yangu

«Mine» ya pili haina undugu na ya kwanza. Ya kwanza ilitoka kwa Wafaransa. Hii ya pili ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani, na Wajerumani wako na ndugu yake, «mein». Maneno mawili yalitembea njia mbili, yakakutana mu sauti moja na mu herufi ine zilezile. Ni kama watu wawili wenye jina moja mu avenue moja: mutu anaweza kupeleka barua kwa mwengine.

Kwa sisi, kusema «yangu» kunataka tujue kintu gani: mutoto wangu, kiti changu, shamba langu, nyumba yangu. Mwingereza iko na moja tu, «mine», kwa mutoto, kiti, shamba na nyumba. Njo maana telefone ikikosa kujua, inaweka tu «yangu» na inaendelea.

Namna ya kuwatofautisha si nguvu sana. Kama mbele ya neno kuko «the» ao «a», ni shimo: «the mine», «a mine». Kama neno limesimama peke yake nyuma ya «is», mara mingi ni «yangu»: «this is mine», hii ni yangu. Kama nyuma yake kuko neno lingine, kama «mine number 3» ao «mine manager», ni shimo tena: shimo namba 3, mukubwa wa machimbo. Shida inakuja wakati mwandikaji anaruka «the», kama yule munegosia alivyofanya.

Hapa ku ziwa letu kuko hata kichekesho kimoja cha historia. Mu mwaka wa 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walileta mashua mbili za vita mpaka hapa kwetu, ku mudomo wa Lukuga, ili wapigane na mashua za Wajerumani. Zilitoka mbali upande wa kusini, zikavutwa njia ya inchi kavu, zikapita mto Lualaba, zikapanda treni mpaka ku ziwa. Tarehe 26 ya mwezi wa 12 mwaka ule zilikamata mashua ya Wajerumani yenye jina Kingani. Mashua zile mbili ziliitwa Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa ni majina ya kuchekesha, kama ya paka na imbwa. Lakini Mutanganyika mwenye angesikia Mwingereza anaonyesha mashua na kusema «Mimi!», angefikiri huyu mzungu anajionyesha yeye mwenyewe.

Nani anaweza kusema «the mine is mine»?

Tukiunganisha maana ya kwanza na ya pili, tunapata sentensi yenye inaleta mabishano mu jimbo letu: «the mine is mine», machimbo ni yangu. Nani mwenye haki ya kuisema?

PDG anaisema: mimi njo nilifungula hii shimo. Mwenye shamba anaisema: babu yangu alizikwa hapa. Munegosia anaisema: feza ya pompe ilikuwa yangu. Kampuni inaisema: permis iko na jina yangu. Kule Manono, juu ya lithium, kampuni ya Australia AVZ, ya China Zijin na ya Serikali yetu Cominière zimepelekana mbele ya waamuzi kwa miaka juu ya swali hilohilo.

Sheria yetu inajibu kwa njia yenye wengi hawapendi. Katiba ya mwaka wa 2006, mu article ya 9, inapatia Serikali mamlaka juu ya udongo na vyote vyenye viko chini yake. Code minier ya 2002, yenye ilibadilishwa mu mwaka wa 2018, inasema madini yenye iko ndani ya udongo ni mali ya Leta. Mutu ao kampuni haipate udongo. Inapata haki ya kuchimba kwa masharti. Kwa muchimbaji wa mikono, haki hiyo inapita mu carte ya muchimbaji, mu zone yenye Serikali imeweka kwa wachimbaji wa mikono, na mu coopérative.

Kwa hiyo mutu akisema mu carrière «shimo hii ni yangu», anasema kweli nusu. Anasema: kazi hii ni yangu, sehemu yangu ya muzigo ni yangu, feza nilitia ni yangu. Hiyo yote inaweza kuwa kweli, na inafaa kuandikwa mbali mbali. Lakini udongo wenyewe, hapana.

Maana ya tatu: bomu

Ndugu musomaji, kuko «mine» ya tatu, na hii haichekeshe. Ni bomu yenye wanaficha mu udongo, yenye inangojea muguu.

Wengi wanafikiri ile mine ya bomu haina uhusiano na mine ya kuchimba. Kumbe ni mutoto wake. Zamani Ulaya, wakati jeshi lilishindwa kubomoa ukuta wa muji, lilitumikisha watu wa kuchimba. Walichimba galerie mpaka chini ya ukuta, wakashikilia juu na miti, kisha wakachoma miti ile. Galerie ikaanguka, na ukuta ukaanguka nayo. Ile galerie iliitwa «mine». Wakati baruti ilifika, walijaza baruti mu galerie. Polepole jina likatoka ku shimo likaenda ku bomu yenye iko ndani ya shimo. Na kutoka hapo Waingereza wako na neno «undermine»: kuchimba mutu chini, kumuangusha bila kumupiga uso kwa uso.

Kazi hiyo ilifanywa na wachimbaji wa kweli. Mu vita ya kwanza ya dunia, Waingereza waliita wachimbaji wa makaa ya mawe waende kuchimba chini ya Wajerumani, kule Messines, mu inchi ya Ubelgiji. Asubuhi ya tarehe 7 ya mwezi wa 6, 1917, mine 19 zilipasuka karibu wakati mumoja. Kilima kiliruka.

Kisha zikakuja ndogo, zenye mutu mumoja anaweza kuficha kwa dakika chache, na zenye hazijue kama vita imeisha. Jimbo letu linazijua. Mu vita ya 1998 mpaka 2003, mustari wa vita ulipita mu Katanga ya Kaskazini, na mine zilibakia mu udongo. Inchi yetu iliingia mu mwaka wa 2002 mu mapatano ya Ottawa, yale ya 1997, yenye yanakataza mine za kuua watu. Lakini karatasi haitoshe kintu mu udongo. Watu njo wanatosha, kipande kwa kipande, na mashine ya kutafuta chuma.

Hapa njo neno linaweza kuua. Fikiri muchimbaji mwenye anatafuta fasi mupya, mwenye anasoma kidogo tu. Anaona kibao chekundu na kichwa cha mufu: «DANGER MINES». Maneno haya mawili yanaandikwa vilevile kwa Kifaransa na kwa Kingereza. Anaweza kujiambia: kumbe hapa kuko machimbo, wanakataza tu ili sisi wadogo tusiingie. Kibao hicho hakisemi «kuko madini». Kinasema «kuko mabomu». Ukikiona, simama. Usipige hatua mbele, usiguse kintu, rudi polepole juu ya alama za miguu yako mwenyewe, na uambie chef wa kijiji ao polisi. Na ufundishe watoto kile kichwa cha mufu kabla hawajajua kusoma.

Muchimbaji ao mutoto?

Kuko na ingine, ya karibu sana, yenye iko hata mu Kifaransa chetu. Neno «mineur» liko na maana mbili: muchimbaji wa madini, na mutu mwenye hajafikisha miaka 18. Linaandikwa vilevile, linasemwa vilevile. Kwa Kingereza yanaandikwa tofauti kidogo, «miner» na «minor», lakini sikio halisikie tofauti.

Wachimbaji wanachekaka juu ya hiyo. Ku mulango wa bar kumeandikwa «Interdit aux mineurs», na mumoja anasema: basi sisi wa carrière tuende kunywa wapi? Kichekesho ni kizuri. Lakini weka kibao hichohicho ku mulango wa carrière, na kicheko kinaisha. Pale kinasema kwamba mutoto asiingie. Sheria ya 10 ya mwezi wa kwanza 2009, ya kulinda mutoto, inasema mutu wa chini ya miaka 18 ni mutoto, na inakataza kazi zenye zinaharibu afya yake. Kubeba sac, kushuka mu puits, kuosha muchanga mu maji siku nzima: hiyo si kazi ya mutoto. Mu sheria, «mineur» wa kwanza na «mineur» wa pili hawafae kuwa mutu mumoja.

Ile sentensi ya pili ya karatasi, «No children in mine», ilikuwa inasema hiyo tu: watoto wasiingie mu machimbo. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote za karatasi ile, na ndiyo yenye kijana hakuelewa.

Tunarudia karatasi

Nilimwambia kijana aikae. Nikamuuliza:

— Hii karatasi, nani aliiandika?

— Munegosia.

— Basi wakati karatasi inasema «yangu», nani anaongea?

Alinyamaza. Kisha alichukua karatasi, akaiangalia tena, kama vile maneno yangeweza kubadilika.

— Eko yeye.

Ndiyo. «Yangu» ni mali ya mwenye kuongea. Ukiisoma na mudomo wako, inafanana na yako. Lakini mudomo wa karatasi ni wa mwenye aliiandika. Sentensi ile ilisema: kila kintu chenye kitatoka mu shimo ni cha munegosia mpaka deni iishe. Haikusema bei ya kilo. Haikusema kila kilo itapunguza deni kwa franka ngapi. Haikusema deni ni kiasi gani leo. Kijana angetia sahihi, angechimba mwezi mzima, na angelala na deni ileile.

Sisemi munegosia alikuwa mwizi. Pengine aliandika vile anajua kuandika. Wengi wanakopesha kwa uaminifu, na bila feza yao mashimo mingi yangejaa maji. Lakini deni yenye haina hesabu inakomaa kila siku, hata kama hakuna mutu mubaya.

Tulikaa na kijana, tukaandika karatasi ingine kwa Kiswahili, na mwalimu mumoja wa jirani akaitia mu Kifaransa. Mu karatasi hiyo hatukuandika «yangu», «yako», wala «mine» hata mara moja. Kila fasi tuliandika jina la mutu. Fulani amekopesha feza kiasi fulani, tarehe fulani. Fulani ataleta coltan, itapimwa mbele ya watu wawili, kwa bei ya siku ile. Kila kilo itapunguza deni kiasi hiki. Deni ikiisha, pompe inabakia kwa fulani. Na shimo tuliiita kwa jina lenye wachimbaji wenyewe wanaiita.

Munegosia aliisoma ku telefone, akaomba kubadilisha fasi moja juu ya bei, wakapatana. Wote wawili wametia sahihi, kila mumoja amebakia na yake.

Kwa hiyo, ba papa na ba mama, na ninyi vijana wenye munapokea karatasi ya Kingereza mu WhatsApp, mukikutana na hili neno, muulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Ni shimo, ao ni «yangu»? Kama ni shimo, ni ipi: puits moja, ao site nzima? Kama ni «yangu», nani anaongea? Na mukikutana nalo juu ya kibao chekundu mu pori, musiulize kintu. Murudi nyuma.

Kijana amerudia Kisengo asubuhi ya kesho yake. Kabla ya kupanda moto, aliniuliza kwa kicheko:

— Papa mudogo, sasa Kingereza cha «yetu» wanasemaka namna gani?

Nilimwambia: «ours». Hiyo angalau haina bomu ndani.